Bi. Fien Vroemen na Jogoo wa Shaba wa Maasrade

Ndugu, jamaa, majirani na wana Maasrade wote mliokusanyika leo katika kanisa la Mtakatifu Lambertus: kabla hajafumba macho, marehemu aliacha maagizo mawili kuhusu wasifu huu. La kwanza, usisomwe na mwanawe Roel, kwa sababu Roel hulia hata harusini; usomwe na mjukuu wake Jolien, mwenye sauti kubwa na moyo mkavu kidogo. La pili, habari ya jogoo isirukwe. "Mkiiruka," alisema, "watu wataisimulia wenyewe penye kahawa, na wataiharibu." Mdogo wake, Bi. Leonie, aliyeketi hapa mbele, ameridhia isemwe yote. Kusema kweli ameapa kwamba tusipoisema sisi, atasimama aiseme yeye.

Josephina Maria Vroemen, ambaye hakuna aliyemwita hivyo isipokuwa daktari wa meno, alizaliwa Jumatano tarehe 19 Machi 1941, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, katika nyumba namba 14 ya Mtaa wa Wafinyanzi. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mzee Mathieu Vroemen, mwashi, na mama Bertha Custers. Vita vilikuwa vimeshabisha hodi na kuingia bila kukaribishwa, na mama Bertha alisimulia kwamba mtoto huyo alinyonya huku akitazama dari, kama anayekagua nyufa. Leonie alimfuata mwaka 1944. Wavulana hawakuja, na mzee Mathieu hakulalamika. Aliwafundisha mabinti zake kuchanganya chokaa, na wote wawili walijua kunyoosha ukuta kabla ya kujua kusuka nywele.

Mwezi Aprili mwaka 1950 mzee Mathieu alikuwa akichimba shimo la kuhifadhia viazi nyuma ya nyumba, mabinti wakizoa udongo. Katika udongo ule akatokea jogoo wa shaba, mrefu kama kidole cha kati, wa kijani kutoka upanga wa kichwani hadi mkiani, mabawa yamechorwa unyoya kwa unyoya. Aliachwa pale na Warumi walioishi mtaa huu kabla yetu. Fien alimkamata mkia, Leonie kichwa, na hakuna aliyekubali kuachia. Baba yao aliingiwa na hofu, maana kila mwashi wa Maasrade aliijua kanuni ya kazi: ukikuta vya kale, nyamaza, mwaga zege. Akija mtu wa serikali na kibrashi chake, kazi itasimama mpaka Krismasi.

"Hamjaona kitu," aliwaambia. "Mmeona kuku."

Mama Bertha alimweka jogoo dirishani na kuwaambia majirani kamnunua mnadani. Kuhusu mwenye mali, mzee alikata shauri kwa namna ya waashi: nusu kwa nusu, na yeyote asimtoe nyumbani bila idhini ya mwenzake.

Marehemu alisoma shule ya masista kuanzia mwaka 1947 hadi 1953, kisha shule ya wasichana, ambako alifaulu kila somo ila upishi. Mwaka 1962 alikwenda Amsterdam kujifunza kazi ya kutengeneza na kuhifadhi vitu vya kale, kwanza vyombo vya udongo, baadaye madini. Alikaa huko miaka minne akilalamikia maji, mkate na watu wasiosalimia. Huko ndiko alikopata somo alilolirudia nyumbani mpaka watoto wakawa wanamalizia wao. Mwalimu aliwapa wanafunzi sahani waivunje na kuiunga. Fien, binti wa mwashi, aliiunga ya kwake hata ufa usionekane, akaisogeza mbele kwa maringo. Akapewa alama ya chini kuliko wote.

"Umefanya nini hapa?" mwalimu akamwuliza.

"Nimeitengeneza, bwana."

"Umeidanganya. Kiraka kizuri hakionekani kwa mbali, ila anayesogea karibu akione. Anayekuja baada yako ana haki ya kujua wapi palivunjika."

Alilia siku ile, kisha akaibandua sahani na kuanza upya. Sahani hiyo bado ipo jikoni kwa Roel, na nyufa zake zote zinahesabika.

Mwaka 1966 alirudi Maasrade, na halmashauri ikampa chumba cha juu katika Nyumba ya Mizani pale sokoni, kiwe jumba la makumbusho, pamoja na kabati moja la kioo lisilo na kitu ndani. Alitaka kitu cha kwanza kiwe jogoo. Alimwendea mdogo wake kwa adabu zote, kama baba alivyoamuru. Leonie alikuwa anapiga pasi. Hakuinua hata macho.

"Sikupi, dada."

"Siyo kwangu, ni kwa mji."

"Mji nao siupi. Nakuazima nusu yangu. Siku nikimtaka, unanirudishia bila maneno."

Neno hilo la Leonie ndilo lililojaza jumba la makumbusho la Maasrade. Sisi tunajua tofauti: ukikopa unaweza kulipa kingine, lakini ukiazima unarudisha kile kile, na jina la mwenyewe halifutiki. Mwaka 1971 walipochimba mtaro wa maji machafu sokoni wakagonga bafu la Warumi, na chini kidogo ya ukuta wa kanisa wakagonga choo cha watawa wa Zama za Kati, ambacho kwa wataalamu ni sawa na sanduku la dhahabu, maana watawa walikuwa wakitupa humo kila walichokivunja au kukichoka. Watu walikuwa wameshazoa vyao. Nusu ya mji ilikuwa na kitu chini ya kitanda, na hakuna aliyetaka kukitoa, maana kutoa kulikuwa kukiri. Bi. Fien hakumwuliza mtu kakipata wapi. Alikwenda kwa Sjo Habets, mwenye bucha, akakuta miavuli imesimama ndani ya mtungi wa Kirumi wa kuwekea mafuta.

"Mtungi mzuri, Sjo."

"Wa bibi yangu."

"Bibi yako alikuwa Mrumi?"

"Kwa hasira, ndiyo."

"Basi niazime mtungi wa bibi yako. Nitaandika jina lako chini yake. Ukiutaka Jumapili yoyote, njoo na miavuli yako uuchukue."

Sjo aliuleta mwenyewe kwa toroli, mchana kweupe, ili aonekane. Baada ya hapo wakaja wote. Walileta taa za mafuta, vigae, pini za nywele, majagi ya watawa, kijiko cha mbao, na kiatu kimoja cha ngozi ambacho Bi. Fien alikiloweka na kukikausha polepole mwaka mzima kama anayemwuguza mgonjwa. Chini ya kila kitu kuliandikwa kwa lahaja yetu ya hapa, siyo Kiholanzi cha wakubwa, na kila andiko liliishia kwa maneno yale yale: kwa kuazima kutoka kwa fulani. Watoto wa shule hawakwenda kuwaona Warumi. Walikwenda kuona kitu cha nyumbani kwao, na wakiwa hapo wakawaona Warumi pia.

Tarehe 25 Mei 1968 marehemu alifunga ndoa katika kanisa hili na Wiel Hupperetz, dereva wa lori la maziwa na mpiga tarumbeta kubwa katika bendi ya mji. Wiel alikuja kwanza na jagi alilolikuta shambani kwa mjomba wake, akiwa amelishika sikio, linaning'inia. Fien alimfokea. "Chombo cha kale hakishikwi sikio! Kinashikwa tumbo, kwa mikono miwili." Wiel akaomba ruhusa arudi kesho yake bila jagi ili ajifunze vizuri jinsi ya kushika, na masomo hayo yakaendelea miaka arobaini na tisa. Mungu aliwajalia watoto wawili, Roel mwaka 1970 na Maike mwaka 1973. Wiel alitutangulia tarehe 3 Novemba 2017. Alikuwa mtu mpole, na bila upole wake Bi. Fien angekuwa amegombana na mji mzima badala ya nusu yake.

Mwaka 2006 marehemu alistaafu, akapewa saa ya ukutani na hotuba. Jumatatu iliyofuata alikuwepo kazini kama kawaida, ila sasa bila mshahara. Halafu mwaka 2009 halmashauri yetu iliunganishwa na ya Steenhoven. Paa la Nyumba ya Mizani lilikuwa linavuja, hilo hakuna anayelikataa, na wakubwa wapya wakaamua kwamba vitu vyote vihamishiwe ghala kuu la Steenhoven, kwenye hewa nzuri na milango ya chuma. Bwana Terpstra aliyetumwa kuleta habari hiyo alikuwa mtu wa kaskazini, mstaarabu, na alikula vipande viwili vya vlaai, ile pai yetu ya matunda, ya cheri kabla ya kupata ujasiri wa kusema.

"Vitakuwa salama, mama. Salama kuliko hapa."

"Na vitaonekana na nani?"

"Wataalamu wakiomba kwa maandishi..."

"Jogoo wa shaba hawiki mjini, bwana Terpstra," Bi. Fien akamjibu. "Tena nikukumbushe jambo. Humu ndani hamna kitu cha halmashauri. Vyote ni vya kuazima, na wenyewe wanaishi dakika tano kutoka hapa."

Jumapili tarehe 11 Oktoba 2009, baada ya misa ya pili, mji ulikuja kuchukua vitu vyake. Walikuja na vikapu vya sokoni, na vigari vya watoto, na makreti ya mkate. Sjo Habets alikuja na miavuli, kama alivyoahidiwa. Bi. Fien alisimama mlangoni, akafunga kila kitu kwa karatasi laini na kumpa kila mtu mawaidha yake, asiweke karibu na jiko, asiweke juani, asiweke maji, wala paka asikaribie. Kufika saa ya chakula jumba lilikuwa tupu. Lori la Steenhoven lilipokuja Jumanne lilirudi na saa ya ukutani tu, ile ya kustaafu, ambayo Bi. Fien aliwapa kwa moyo mweupe.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Maasrade hata mlango huna haja ya kuusukuma, kwa sababu hatufungi mapazia, na mtu akipita anaona mpaka ukuta wa nyuma. Kwa hiyo kila mtu aliweka kitu chake dirishani, na karibu miaka sita mji wenyewe ukawa jumba la makumbusho. Watu walitoka Ubelgiji na Ujerumani kutembea mitaani kwetu wakichungulia. Kila Jumatano Bi. Fien alipanda baiskeli kukagua. Akamkuta Netta Senden ametia maua ndani ya jagi la watawa.

"Si yamependeza, Fien?"

"Yamependeza sana. Lakini hili jagi lina miaka mia saba, Netta. Kwa umri huo hata wewe hutaki kulala na maji miguuni."

Netta akayatoa. Wote walimsikiliza, na katika miaka yote hiyo havikuvunjika ila vikombe viwili. Hata Bwana Terpstra alikuja na mkewe siku ya mapumziko, akatembea mitaa yote, akaenda zake. Inasemekana ni yeye aliyeitetea fedha ya paa katika vikao vya Steenhoven.

Sasa tufike kwa jogoo. Alikwenda dirishani kwa Leonie, namba 20 ya mtaa ule ule, kwa haki yake. Wote mnaijua nyumba ya Leonie. Kizingiti chake husuguliwa kila Jumamosi, na wakati wa usafi mkuu kabla ya Pasaka hata misumari ya ukutani huponea chupuchupu. Wiki ya kabla ya Pasaka mwaka 2010 Leonie alitazama dirisha lake linang'aa, mapazia ya pembeni meupe, na katikati yake kuku mchafu. Watu wa mbali walikuwa wanakuja kumtazama kuku huyo. Aliona aibu kwa niaba yake. Akachukua siki na chumvi na waya wa kusugulia masufuria, akafanya kazi asubuhi nzima kwa upendo. Kijani kilitoka. Manyoya nayo yakatoka, na jicho, kwa sababu baada ya karne kumi na nane mchoro wote ulikuwa ndani ya kile kijani, na chini yake palibaki shaba tupu. Alipomsuuza na kumfuta ndipo alipoona alichokishika mkononi.

Alimfunga kwa taulo la jikoni akamficha. Kisha akafunga pazia, mchana, mtaani kwetu, ambako pazia likifungwa mchana watu huuliza nani amekufa.

Jumatano Bi. Fien alifika na baiskeli yake.

"Jogoo yuko wapi?"

"Sijui."

"Hujui vipi? Ana miguu?"

"Hayupo, Fien. Usiniulize."

"Umemuuza."

Leonie hakujibu, na Bi. Fien akachukua kimya chake kuwa ndiyo. Hapo marehemu alikosea, na kwa kuwa mwenyewe aliagiza tusimpambe, tunasema wazi kwamba alikosea vibaya. Alimjua mdogo wake kuliko mtu yeyote, na alipaswa kujua kwamba Leonie hawezi kuuza hata kifungo cha baba yao. Lakini hasira ya mtunza vitu ni hasira ya mlinzi aliyeibiwa na wa nyumbani. Aliondoka bila kwaheri. Tangu siku hiyo ndugu hawa wawili, waliokunywa kahawa pamoja kila asubuhi tangu mama yao alipofariki, hawakusemezana tena. Fien alikuwa namba 14 ile ile ya wazazi, nyumba ya tatu kutoka kwa Leonie katika upande ule wa namba shufwa, wakaenda kwa mwokaji mmoja na kanisa hili moja, na kila mmoja akaijua saa ya mwenzake ili wasikutane.

Nyumba ya Mizani ilifunguliwa upya Jumapili tarehe 7 Juni 2015, ikiwa na paa jipya na makabati mapya. Watu walirudisha vyao kwa maandamano, bendi mbele, Wiel na tarumbeta lake. Mbali na vile vikombe viwili, vilirudi vyote isipokuwa kimoja. Bi. Fien hakutaka kuijaza nafasi ile. Aliweka kigoda kitupu ndani ya kioo na kuandika: Jogoo wa shaba, karne ya pili, kwa kuazima kutoka kwa Fien na Leonie Vroemen. Hayupo. Kila aliyesoma alijua anasoma nini. Wiel alimsihi akiondoe kibao kile, mara moja tu, kwa sababu Wiel hakuwa mtu wa kusihi mara mbili. Hakukiondoa. Mazishi ya Wiel yalipofika, Leonie alikaa benchi la mwisho na akaondoka kabla ya kahawa, na sisi wajukuu, ambao tulikuwa tumeambiwa tusijiingize, tulijiona kama watu wanaotazama nyumba inaungua wakiwa na ndoo mkononi. Walisema wa kale: ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Lakini ugomvi huu ulichukua miaka, na mashamba yote yalikuwa yamekwisha kulimwa.

Mwezi Mei mwaka 2023 marehemu alianza kusumbuliwa na tumbo, na vipimo vya mwezi Juni vikaonyesha saratani ya kongosho. Alimwuliza daktari kama inahifadhika. Daktari, kijana mwenye heshima, akasema hapana. "Basi tusiisugue," akasema Bi. Fien, na akakataa matibabu mazito. Kitanda chake kilihamishiwa sebuleni, kikaelekea dirishani, ili aone mtaa. Maike alihamia nyumbani, na wauguzi walikuja asubuhi na jioni. Aliumwa kwa adabu mbaya, akiwasahihisha wote namna ya kumshika: "Kwa tumbo, kwa mikono miwili."

Tarehe 14 Novemba, Jumanne, mchana, mlango wa nyuma ulifunguka bila hodi, kama ulivyofunguliwa zamani. Leonie aliingia moja kwa moja mpaka kitandani, koti mwilini, taulo la jikoni mkononi. Maike alikuwepo, na haya tunayasema kama alivyoyasikia.

"Nimekuletea mgonjwa mwenzako," Leonie akasema, akafungua taulo.

Bi. Fien alivaa miwani. Alimpokea jogoo akamgeuza, akampitishia kidole gumba mgongoni, pale ambapo manyoya yalikuwa.

"Siki?"

"Siki na chumvi."

"Na waya?"

"Na waya. Nilitaka ang'ae Pasaka, Fien."

"Miaka yote hii nimekuita mwizi."

"Heri ningekuwa mwizi. Mwizi angemtunza."

"Kwa nini hukuniambia, mdogo wangu?"

"Ningekuambiaje? Wewe mtu akishika chungu hajanawa, unamtolea macho mpaka anakiangusha. Nikasema nitasema kesho. Kesho zikawa nyingi, na kila moja ngumu kuliko ya jana."

Bi. Fien alianza kucheka, na kicheko kikamwumiza, na kutoka hapo akalia. Walilia wote wawili wameshikana, jogoo katikati. Baadaye marehemu alimpindua jogoo tena, akachungulia chini ya mkia.

"Huku bado ana kijani."

"Mkono haukupenya."

"Nashukuru una vidole vinene," akasema. "Atarudi kwenye kioo."

"Hivi alivyo? Fien, mji mzima utaniona."

"Mji mzima umekuona mwizi kwa ajili ya kibao changu. Heri wakuone ulivyo. Na mimi pia wanione." Akamwagiza Maike aandike palepale maneno mapya: Jogoo wa shaba, karne ya pili. Alisuguliwa na Leonie, Pasaka 2010, kwa nia njema. Fien alimdhania vibaya. Kwa kuazima kutoka kwao wote wawili.

Kuanzia siku hiyo Leonie alikuja kila asubuhi, na kahawa ikarudi. Tarehe 8 Desemba tulimpeleka marehemu Nyumba ya Mizani kwa kiti cha magurudumu, amefungwa mablanketi. Mikono yake haikuweza tena kushika brashi, kwa hiyo Leonie alishika na yeye akaelekeza, wakampaka jogoo nta nyembamba ya kumlinda na unyevu. "Pole pole. Siyo kizingiti hicho." Wakamsimamisha kwenye kigoda chake. Hiyo ndiyo kazi ya mwisho marehemu aliyoifanya, na ni ya kwanza ambayo hakuirudia kuikagua.

Bi. Fien alifariki Jumanne tarehe 16 Januari 2024, asubuhi, nyumbani kwake, akiwa amezungukwa na watoto wake na mdogo wake, baada ya kupokea sakramenti. Alikuwa na umri wa miaka themanini na miwili. Leonie ndiye aliyemfumba macho, na ndiye aliyemwosha, kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa laini, bila haraka.

Marehemu ameacha watoto wawili, Roel na mkewe Hanneke, na Maike. Wajukuu watatu, Jolien, Stan na Febe. Kitukuu mmoja, Wiel mdogo. Na mdogo wake mpenzi, Leonie Vroemen. Familia inawashukuru wauguzi wa nyumbani, daktari, Padre Quaedvlieg na bendi ya mji.

Limebaki jambo moja, la Ijumaa iliyopita. Mtunzaji mpya wa jumba, Bi. Marloes, alimwendea Leonie kwa upole na maswali ya kikazi. Mwazimishaji mmoja akifa, kanuni inataka jina lake liondolewe kwenye kibao, abaki aliye hai.

"Liache," Leonie akasema.

"Bibi Leonie, natamani. Lakini marehemu hawezi kuazimisha kitu."

Leonie alimchukua mkono akamtembeza jumba zima, kabati kwa kabati, akimwonyesha kijiko, kiatu, taa, pini za nywele, mtungi wa mafuta.

"Nionyeshe humu ndani kitu kimoja," akamwambia, "ambacho hakikuazimishwa na marehemu, kuanzia hao Warumi."

Jina la Fien limebaki. Mkitoka makaburini, kahawa na vlaai zitakuwa Nyumba ya Mizani, na mtalisoma wenyewe.

Udongo wa Maasrade umpokee kwa mikono miwili. Apumzike kwa amani.